Gari limepigwa tochi ya mwendokasi, mimi nimelala zangu Makorora: mwenye kosa ni nani kisheria?

#1 Mwarobaini Mkavu
Wakuu, habari za jioni.

Nina Noah hapa Tanga, nimemkabidhi kijana anaizungusha, safari za Muheza na Korogwe, hesabu ananiletea jioni. Juzi nataka kukata bima nikaona niangalie kwanza deni la gari. Nikaingiza namba: faini 3 za mwendo, elfu thelathini thelathini, jumla 90,000. Zote za mwezi mmoja, zote barabara ya Segera. Nikamwita kijana. Anasema, "Bosi, mbili hizo muulize deiwaka, yule wa kunishikia gari kwa siku, mimi nilikuwa naumwa. Ya tatu siijui kabisa." Deiwaka naye simu hapokei.

Picha niliyoonyeshwa imepigwa kwa nyuma. Namba inasomeka, mwendo 71 kwenye kibao cha 50, dereva haonekani hata sikio. Swali langu: kisheria mwenye kosa ni nani? Maana najua kwa wenzetu Ulaya na Marekani kamera isiponasa uso wa dereva hakuna kesi, inatupwa. Kwa nini huku kwetu adaiwe gari kama vile lilijiendesha lenyewe?

Mliopo nje na wanasheria, karibuni.

#2 Chungwa la Muheza
Nimefungua mbio nikidhani mabasi ya Mwendokasi yanaletwa Tanga. Kumbe faini. Lipa mkuu, bima inakusubiri.

#3 Baharia wa Hamburg
Mkuu namba 1, ulichosema ni kweli kwa Ujerumani, lakini usiseme Ulaya nzima. Huku kosa la mwendo ni la aliyeshika usukani, si la mwenye gari. Ndiyo maana kamera inapiga mbele, kioo na sura vionekane. Barua ikija nyumbani picha yako ipo, na aliyekaa kiti cha pembeni wamemfuta uso. Watu wanasema wanafanya hivyo kulinda faragha, wengine wanasema wanalinda ndoa.

Kama sura haieleweki na mwenye gari anasema hajui nani aliendesha, faini inaweza kufa. Ila usishangilie. Wana haki ya kukuamuru uweke daftari ndani ya gari, kila safari uandike nani ameendesha, tarehe, saa ya kuondoka na kurudi. Jamaa yangu mmoja wa bandarini alijifanya mjanja, akabebeshwa hilo daftari. Alisema angelijua angelipa siku ile ile.

#4 Dereva wa Kange
Daftari la nani kaendesha? Deiwaka wetu angeandika jina la marehemu.

#5 Mdigo Luton
Namba 3 yuko sahihi kwa upande wake. Uingereza wameichukua njia nyingine kabisa, na mimi imenikuta.

Huku wanamtumia barua mwenye gari aliyesajiliwa, na lazima imfikie ndani ya siku 14 tangu kosa. Barua haikuulizi kama uliendesha kasi. Inakuuliza nani alikuwa anaendesha. Una siku 28 za kujibu. Kifungu chenyewe ni cha 172 cha sheria ya barabara ya mwaka 1988. Usipojibu, hilo ni kosa jipya la kwako mwenyewe: pointi 6 za adhabu kwenye leseni na faini hadi pauni 1,000. Wakati kosa la mwendo lenyewe mara nyingi ni pauni 100 na pointi 3. Unaona mtego ulivyotegwa? Kunyamaza ni ghali kuliko kukiri.

Watu wawili walikwenda mpaka mahakama ya haki za binadamu kule Strasbourg, wakasema huwezi kumlazimisha mtu ajitaje. Mwaka 2007 wakashindwa. Majaji walisema ukikubali kumiliki gari umekubali na masharti yake.

Mimi nilimwazima binamu gari akaenda nalo Leicester. Barua ilipokuja nikamtaja. Hajanisalimia mpaka leo.

#6 Bada na Samaki
Sasa si ungesema ni wewe, pointi 3 tu, udugu ukabaki?

#7 Mdigo Luton
@Bada na Samaki ndugu yangu usithubutu. Chris Huhne wa huku alifika mpaka uwaziri. Mwaka 2003 alipigwa na kamera, mkewe akakubali kuandikiwa pointi zile. Ndoa ikavunjika, maneno yakatoka. Machi 2013 wote wawili walihukumiwa miezi 8 jela. Kwa pointi 3!

#8 Chungwa la Muheza
Kumbe talaka ndiyo kamera yenyewe.

#9 Mwanasheria Mchovu
Salaam. Nimetoka kazini, nitaandika kwa kifupi halafu nitarefusha, najijua.

Kabla ya kuuliza nani ana kosa, uliza adhabu inagusa nini. Kama adhabu ni pesa peke yake, serikali inaweza kuliandikia gari, nani aliendesha si hoja, kama ushuru wa maegesho. Lakini ukitaka kumwekea mtu pointi au kumnyang'anya leseni, huwezi kuliwekea gari pointi. Lazima upate binadamu. Kwa hiyo Ujerumani wanatafuta sura, Uingereza wanamlazimisha mwenye gari ataje, Uholanzi tangu sheria yao ya 1989 wanamlipisha mwenye gari kwa makosa madogo na habari inaishia hapo. Ufaransa wapo katikati: mwenye gari ndiye anayeanza kudhaniwa, na kampuni tangu 2017 zinatakiwa zimtaje dereva, zisipomtaja zinapigwa faini nyingine juu yake.

Sheria yetu ya usalama barabarani ni ya 1973. Kamera za hivi hazikuwapo huku kwetu wakati inaandikwa. Sheria ilimuwazia askari amesimama barabarani, anasimamisha gari, anamuona dereva kwa macho yake. Tochi ilipokuja imepachikwa juu ya sheria ile. Ndipo swali la mtoa uzi linapoanzia.

#10 Dereva wa Kange
Wakili umesema kweli. Zamani picha inapigwa huku, inatumwa kwa simu, unasimamishwa mbele na mwingine: "Suka, njoo ujione." Unaonyeshwa kwenye WhatsApp. Hapo ubishi huna kwa sababu wewe ndiye uliyekaa kwenye usukani. Shida inaanza usiposimamishwa, deni likalala kwenye namba ya gari.

Ila sisi wa mabasi tochi tumeshaizoea. Kwetu kuna kifaa cha kufuatilia gari, VTS, cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ndani ya gari, ukipita 80 kinakuandika ulipo, hata katikati ya mkonge ambako hakuna trafiki wala mbuzi. Na dereva anaingia kwa kitufe chake mwenyewe, kwa hiyo anajulikana nani anaendesha. Mwarobaini, Noah yako ingekuwa na kitufe, deiwaka angekamatika.

#11 Mwarobaini Mkavu
Ahsanteni. Lakini mbona nilisikia Marekani kamera zote zimepigwa marufuku?

#12 Harlem Ngamiani
Hapana mkuu. Marekani hakuna jibu moja, ukivuka mto tu sheria imegeuka.

New York, hapa nilipo, kamera zipo maeneo ya shule na tangu Agosti 2022 zinafanya kazi usiku na mchana. Ukizidisha zaidi ya maili 10 kwa saa, dola 50 kwa mwenye gari. Hakuna pointi, wala bima haiguswi. Ndiyo ile ya wakili: deni la gari. Ukivuka kuingia New Jersey, hakuna kamera za mwendo, zimekatazwa. Texas nako zimekatazwa, na 2019 wakafuta na zile za taa nyekundu. California walikuwa hawaziruhusu, mwaka 2023 wakapitisha sheria ya majaribio kwa miji 6, San Francisco ikawa ya kwanza kuzifunga.

Halafu Missouri, hii itakufurahisha mtoa uzi. Mwaka 2015 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ilizitupa sheria za kamera za miji, na hoja moja ilikuwa kama yako: huwezi kumwambia mwenye gari "thibitisha kwamba hukuwa wewe". Kazi ya kuthibitisha ni ya anayeshitaki.

Arizona nako karatasi ya kamera inatakiwa ikufikie mkononi. Kuna jamaa 2009 alikuwa anaendesha amevaa kinyago cha nyani, picha kadhaa uso wake hauonekani. Walimtega mpaka wakamuona anakivaa.

#13 Bada na Samaki
Hilo la nyani hapa lisingefanya kazi. Askari wa Segera angemsalimia tu: "Shikamoo mzee, leta leseni."

#14 Ami wa Deira
Wanatanga mmesahau Ghuba, na nusu ya Chumbageni ipo huku. UAE kuna nafuu ya kilomita 20. Kibao kikisema 100 kamera inakuachia mpaka 120. Huo ni ustaarabu, si 51 kwenye 50.

#15 Baharia wa Hamburg
Ujerumani nafuu ni 3 tu ukiwa chini ya 100.

#16 Tabata Abu Dhabi
@Ami wa Deira sahihisha hapo. Hiyo ni Dubai. Abu Dhabi walifuta ile nafuu ya 20 Agosti 2018, wakapandisha vibao badala yake. Nina jamaa alitoka Dubai kwa mazoea yake ya 20, kufika huku akakusanya faini kama anaokota embe. Nchi moja, bendera moja, bado kamera mbili tofauti.

#17 Ami wa Deira
Nimekubali, shehe. Nilisema kwa mazoea na mimi.

#18 Kivuko Horohoro
Mimi navuka Lunga Lunga kila wiki. Kwa Wakenya kosa lina ngazi: ukizidisha kilomita 1 mpaka 5 ni onyo, 6 mpaka 10 shilingi 500 za kwao, 11 mpaka 15 ni 3,000, 16 mpaka 20 ni 10,000. Zaidi ya hapo kortini. Sisi aliyezidisha kidogo na aliyeruka kama ndege wote elfu thelathini. Hapo ndipo naona dhuluma, si kwenye picha.

Waganda nao Juni 2025 walianzisha faini za moja kwa moja, kamera inakusoma namba, ujumbe unaingia kwenye simu. Kelele zilizopigwa! Mwezi haukuisha zikasimamishwa. Kigali kamera wamezipa jina kabisa, wanaziita Sofia. "Sofia kanipiga picha."

#19 Chungwa la Muheza
Yetu tuiite nani? Napendekeza Mwanaidi.

#20 Bada na Samaki
Mke wangu anaitwa Mwanaidi, tafadhali.

#21 Fundi Rewaindingi
Mimi nauliza kingine. Kabla ya kusema nani aliendesha, nani kasema kipimo ni kweli? Tochi ukiipiga kwa pembeni inaongeza mwendo. Hili kila fundi anajua.

#22 Mdigo Luton
Fundi samahani, ni kinyume. Ukipima kwa pembe, kifaa kinaona sehemu tu ya mwendo wako, kwa hiyo kinasoma pungufu. Pembe ya nyuzi 20, gari la 71 linasomeka kama 67. Kwa hiyo Mwarobaini huenda Noah ilikuwa zaidi ya 71, nyamaza.

Kamera za zamani za hapa zinapiga picha mbili, nusu sekunde baina yake, na chini barabarani kuna mistari myeupe ya kuhesabia gari limesogea mita ngapi. Gari la 71 linasogea karibu mita 10. Mashine ikidanganya, mistari haidanganyi. Aliyeibuni ni Mholanzi Maurice Gatsonides, dereva wa mashindano, alishinda Monte Carlo 1953. Alitaka kujua anaingia kona kwa kasi gani ili aongeze mwendo! Angalia ilikoishia.

#23 Mwanasheria Mchovu
Hoja ya fundi isitupwe yote. Italia, Aprili 2024, mahakama yao ya juu ilimpa ushindi dereva kwa sababu kifaa kilikuwa kimeidhinishwa tu lakini hakikupitia hatua ya pili ya uthibitisho ambayo sheria inaitaja. Watu wengi wakafuata mlango huo huo. Kwa hiyo kesi ya kamera inaweza kufia kwenye karatasi ya kipimo, hata kama dereva anajulikana na mwendo ulikuwa kweli.

Kuna na suala la vibao. Italia kamera lazima itangazwe na ionekane. England nyingi zimepakwa njano. Victoria kule Australia magari ya kamera yanaegeshwa bila kibao, hoja yao ni kwamba ukijua ilipo utapunguza hapo tu. Ontario, Kanada, wamechoka wakazipiga marufuku kabisa kuanzia Novemba 14, 2025, waziri mkuu wa jimbo akisema ni mradi wa pesa.

#24 Dereva wa Kange
Hapo kwenye pesa ndipo. Nyie mnazunguka na Strasbourg, sheria zinatofautiana kwa sababu ya anayekula hela. Faini ikibaki kwa manispaa kamera zinaota kama uyoga. Ikienda hazina kuu hakuna anayehangaika kununua hata betri.

#25 Baharia wa Hamburg
Si kweli yote. Faragha ina nguvu zaidi huku. Wajerumani wana historia ya kuchunguzwa na serikali, ndiyo maana hata uso wa abiria unafutwa. Ufini hawana njaa ya pesa na bado faini inafuata kipato: 2023 tajiri mmoja wa visiwa vya Åland alipita 82 kwenye 50, akalipa yuro 121,000.

#26 Kivuko Horohoro
82 kwenye 50! Huyo kamzidi Mwarobaini kilomita 11 tu. Hesabu ya Noah kwa miaka mingapi hiyo?

#27 Dalali wa Barabara ya 8
Wakuu mmeongea yote mkaacha la msingi. Mnasema Ulaya wanamuandikia mwenye gari. Sawa. Huku mwenye gari ni nani?

Wiki hii nimeuza Probox. Nimefungua kidroo cha dashibodi nimetoa kadi, imefungwa kwenye nailoni ya mkate, imekunjwa mpaka mkunjo umetoboka. Jina lililoandikwa ni la mtu wa Arusha. Yule alimuuzia mwalimu, mwalimu akamuuzia mtu wa Pangani, wa Pangani kaniletea mimi. Watu wanne, kadi moja, jina la kwanza. Kila mmoja ana karatasi ya mauziano ya mkono, iliyoshuhudiwa na mjumbe. Sasa wewe lete kifungu chako cha 172 uandike barua kwa mtu wa Arusha: "Nani aliendesha Muheza?" Atakuuliza, kwani gari lile bado linatembea?

Na wa Zanzibar nao wana usajili wao, gari la Z lina kadi yake na mamlaka yake. Sheria ya kumdai mwenye gari inataka daftari la wenye magari lililonyooka. Bila hilo, deni liandikwe kwenye chuma, maana chuma ndicho kinachoonekana. Atakayekuja kukata bima ndiye atakayelipa.

#28 Mwanasheria Mchovu
Dalali amenifundisha kazi yangu. Ila haliwezi kuwa jibu lote: New York daftari lao limenyooka na bado wamechagua kulidai gari.

#29 Harlem Ngamiani
Kwa sababu kumtafuta dereva ni gharama kuliko dola 50.

#30 Dereva wa Kange
Nilichowaambia. Hela.

#31 Mwalimu wa Zamu
Shikamooni wakubwa. Naona mnatafuta mlango wa kutokea, niseme la upande wa pili. Shule yangu ipo kando ya barabara hiyo hiyo ya Segera. Saa sita na nusu darasa la kwanza wanatoka. Nasimama na kipande cha kanga nyekundu nimekifunga kwenye fimbo ya ufagio, ndiyo bendera yangu. Watoto wanashikana mikono, wa mbele mguu umeshakanyaga lami, Noah inakuja. Sioni uso wa dereva na mimi, naona taa tu. Anawasha fulu nisogee. Sijui kama ni kijana, deiwaka au bosi, na wakati ule sihitaji kujua.

#32 Bada na Samaki
Marahaba mwalimu. Mungu akuzidishie.

#33 Chungwa la Muheza
Tukirudi kwenye mada, kupigiana taa kwamba mbele kuna trafiki ni kosa?

#34 Harlem Ngamiani
Missouri tena! 2014 jaji wa shirikisho alisema kupiga taa ni uhuru wa kuzungumza.

#35 Mdigo Luton
England watu wamepelekwa mahakamani kwa hilo, kumzuia askari kazi yake. Ufaransa programu za simu haziruhusiwi kukuonyesha kamera ilipo, zinakuonyesha "eneo la hatari" tu.

#36 Baharia wa Hamburg
Ujerumani dereva haruhusiwi kuitumia kabisa programu hiyo.

#37 Dereva wa Kange
Basi barabara ya Segera sote ni Missouri.

#38 Mwarobaini Mkavu
Wakuu nimerudi, ahsanteni sana. Nina taarifa, msinicheke.

Nimekaa na kijana tukaangalia tarehe. Mbili ni za deiwaka, tumekubaliana wagawane, ingawa deiwaka bado hajui kama amekubali. Ile ya tatu, ile ya 71, nimeikuza picha. Kwenye kioo cha nyuma kuna kitu cha duara kinang'aa. Sufuria. Sufuria la pilau la mama mkwe, namba 40, nililolipeleka mwenyewe Muheza siku ya hitma ya mjomba. Nilikuwa nimechelewa.

Kijana ameiangalia picha, akaniangalia, akasema tu, "Bosi, shikamoo."

#39 Chungwa la Muheza
😂😂😂 Uso haukuonekana lakini sufuria limeonekana!

#40 Mwanasheria Mchovu
Ujerumani kwa sufuria peke yake ungeachiwa.

#41 Mdigo Luton
Huku ungeulizwa sufuria la nani.

#42 Dalali wa Barabara ya 8
Mwarobaini, swali la mwisho kabla hujalipa. Hiyo Noah, kadi ina jina la nani?

#43 Mwarobaini Mkavu
Shemeji. Yupo Mwanza. Nilimwambia niliuza tangu mwaka juzi.